Niling'arisha Meno Uzeeni Ili Mume Wangu Anitambue

Mume wangu alinifukuza nyumbani kwangu kwa sababu ya rangi ya meno.

Sitanii. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji, yeye ameshika ufagio, ananiambia, "Mama, nakuheshimu, lakini toka. Mke wangu akirudi akakukuta humu ndani nitamweleza nini?"

Nikamwambia, "Mke wako ni mimi."

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama vile alivyozoea kutazama ukuta wa mteja kabla hajasema utachukua ndoo ngapi.

"Hebu cheka," akasema.

Nikacheka, ingawa hapakuwa na la kuchekesha.

"Umeona? Hiyo ni krimu. Tena krimu iliyopigwa na jua. Mke wangu meno yake ni meupe."

Akafunga mlango. Nikabaki nje na uji wangu unapoa.

Ngoja niwaeleze tulipotoka, maana mkisikia hapo tu mtasema mzee yule alikuwa mkorofi. Hakuwa mkorofi.

Mume wangu alikuwa fundi rangi. Kuta za watu, shule, wodi za hospitali, kote alipita na brashi yake. Aliponiposa alikuwa mgane, ameshaanza mvi mbili tatu, na mimi nilikuwa fundi cherehani. Watu walisema tumefaana, mmoja anavalisha watu, mwingine anavalisha nyumba.

Kutembea naye njiani ilikuwa kazi. Anasimama mbele ya ukuta wa watu wasiomjua, anaupapasa, anasikitika. Kwake hapakuwa na rangi inayoitwa nyeupe tu. Kulikuwa na nyeupe ya chokaa, nyeupe ya maziwa, nyeupe ya mfupa, nyeupe ya ganda la yai. Ukimwambia "paka nyeupe" anakuuliza, "Nyeupe gani, mama?" mpaka unajuta kujenga.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau.

Alianza kusahau vifaa. Akasahau njia. Watoto akawasahau kwa zamu, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba kabla ya kulala. Mimi nikabaki wa mwisho. Nikajidanganya kwamba taa yangu haitazimwa.

Ikazimwa.

Ila rangi hakusahau. Ungemwonyesha gauni langu angekuambia limefifia kwa jua au kwa sabuni. Mimi niliyelivaa hanijui, gauni analijua.

Kufukuzwa nilikuwa nakuzoea. Nilikuwa nazunguka nyuma, naingia kwa mlango wa jikoni, na baada ya muda anasahau kwamba alinifukuza. Balaa lilikuwa chakula.

Alikataa kula kutoka mkononi mwangu.

"Chakula cha mke wa mtu sili," alisema. Mwanamume aliyelelewa vizuri, hata akili ikiondoka, adabu inabaki. Aliishi kwa vipande vya mkate alivyovikuta mezani pasipo mtu. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya, halafu jingine. Shingo ikawa kama mpini wa brashi.

Mwanangu mkubwa, yule dereva wa lori, alikuja. Akamtazama baba yake, akatoka nje, akakaa karibu yangu.

"Mama, baba anaisha."

"Naona."

"Kwangu kuna kijana wa kuhudumia wagonjwa. Ana nguvu, ana subira. Nitamchukua baba."

"Na mimi?"

Akatazama viatu vyake. "Mama, wewe akikuona ndiyo anaanza kelele. Kule labda atatulia."

Kwake ni mbali, ni juu ghorofani, na ngazi zile magoti yangu hayaziwezi. Nilijua maana yake. Akipanda ngazi zile, mimi nitamwona tena siku ya kumteremsha.

"Nipe muda kidogo," nikasema.

"Mpaka nirudi safari hii. Nikirudi nikakuta bado hali chakula, namchukua. Usinilaumu, mama."

Sikumlaumu. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi nikaenda kwenye kioo.

Jamani, nilikuwa na miaka sijatazama meno yangu. Mtu anatazama kama uso ni msafi, anatoka. Nikafunua mdomo. Chai kavu ya rangi, asubuhi na jioni, tangu nilipokuwa msichana, yote ilikuwa imekaa pale. Na jino la mbele lina pengo dogo kwenye ncha, alama ya kukata uzi kwa meno. Mafundi cherehani wa zamani tunajuana kwa pengo hilo.

Nikajiuliza, yaliwahi kuwa meupe haya?

Picha ya ndoa yetu ni moja tu, na wote tumefunga mdomo, maana mpiga picha wa enzi hizo ukicheka anakuambia umeharibu. Nikajijibu ndiyo, yalikuwa meupe. Ujana una weupe wake. Na yeye, fundi rangi mzima, atakumbukaje rangi ambayo haikuwepo?

Nikaamua. Akitaka nyeupe, nitampa nyeupe.

Nilianza na mkaa. Nilisikia watu wanasema unausaga, unachanganya na chumvi, unasugua. Nikasugua pale bombani. Mzee akatokea, akaniona mdomo mweusi mpaka kidevuni.

Akamwita jirani kwa upole kabisa. "Jirani, njoo. Kuna mama hapa amekula jiko."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka. Ukiwa na uchungu mrefu, kicheko hukichagui kilikotoka.

Mkaa ukakwangua, haukung'arisha. Nikahamia kwenye limao. Limao lilinifunza adabu. Kwa siku kadhaa meno yalikuwa yanasikia hata upepo, maji nameza kama dawa.

Mjukuu wangu, yule msusi, akaja na kopo alilonunua kwenye simu.

"Bibi, hii ndiyo wanatumia mastaa."

"Mastaa gani?"

"Wewe paka tu, bibi, ushamba weka pembeni."

Nikapaka. Ufizi ukavimba, mdomo ukawa kama nimeng'atwa na nyuki. Mjukuu akaniangalia, akaliangalia kopo.

"Umepigwa, mjukuu wangu," nikamwambia.

"Nimepigwa, bibi." Kisha akaniuliza, "Mbona unajitesa hivi? Wewe umeshaolewa, unamtafuta nani?"

Nikamwambia ninayemtafuta. Akaacha utani. Akasema, "Vaa viatu. Twende kwa daktari wa meno, tuache ujinga."

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa mwanangu wa mwisho. Chumba kinanukia karafuu na sabuni. Akaniamkia, nikaitikia, akanilaza kwenye kiti kile kinachokulaza kama mtoto, akaingiza kioo chake mdomoni.

"Bibi, hapa nani alipita? Ufizi umeungua."

"Mkaa, limao na mjukuu wangu," nikasema.

Akacheka kidogo. Kisha akachukua kijiti chenye vijino vya mfano, kila kijino na rangi yake, akakiweka kando ya jino langu, anahamisha, analinganisha, anahamisha.

Machozi yakanitoka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, mwanangu. Mume wangu ana kadi ya rangi kama hicho kijiti chako. Yake ni ya kuta. Na yeye anafanya hivyo hivyo, anakunja jicho moja."

Daktari akaweka kijiti chini. Akaniketisha vizuri, akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Ufizi wangu umeshuka kwa umri, mizizi iko wazi, kwa hiyo dawa itauma. Meno mawili yana matundu, lazima yazibwe kwanza, dawa isije ikapenya ndani. Ugaga ni mwingi, usafishwe. Jino moja la pembeni nililowekewa ni la bandia, na jino la bandia halibadiliki rangi hata ulipake nini, kwa hiyo litabaki peke yake kama mgeni.

"Wengi nawaambia hapana," akasema. "Mwenye mimba namwambia asubiri. Mwenye ufizi unaotoka damu namwambia atibu kwanza. Na anayetaka meno ya kwenye matangazo namwambia hapana, maana atarudi kunilaumu. Sasa wewe, bibi, unataka kwa nini?"

Nikamweleza yote. Ufagio, uji, krimu iliyopigwa na jua, lori litakalorudi.

Alivua glavu. Akakaa nazo mkononi.

"Bibi, dawa hii inabadilisha rangi ya jino. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi chochote."

"Rangi ndiyo aliyoiomba," nikasema.

Akanitibu. Sikwenda mara moja, nilikwenda mara kadhaa, jirani akikaa na mzee. Alisafisha, akaziba, akasubiri ufizi upone, ndipo akaweka dawa yake. Iliuma, sitadanganya. Jino lilikuwa linapiga kama saa. Akaniambia nisiguse chai kwa muda, na kusema kweli hapo ndipo aliponiumiza zaidi.

Siku ya mwisho akanipa kioo.

Sikuwa mimi. Uso ni wa bibi, mikunjo yake yote ipo, ila katikati pamewekwa mdomo wa msichana. Mjukuu akasema, "Bibi, umetisha." Mimi nilijifunika mdomo kwa mkono, nikaona haya kama nimevaa nguo ya mtu.

Tukarudi nyumbani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi lake ndani, kofia kichwani, anamsubiri yule mke wake. Nikasimama mbele yake na bakuli la uji. Nikatabasamu, nikafunua meno yote.

Akanitazama mdomo. Akakunja jicho moja.

Akasimama. Akavua kofia.

"Chokaa," akasema. "Chokaa, umerudi."

Nikadhani ni utani wa kifundi. Rangi ya meno ameipatia jina. Nikasema, "Nimerudi."

"Umechelewa sana."

"Njia ilikuwa mbaya."

Akakaa. "Njaa inaniuma, Chokaa."

Alikula bakuli lote. Akaomba jingine. Nilipotoka na vyombo nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, nikashukuru kila anayestahili kushukuriwa, na daktari wa meno nikamtaja.

Siku zile zilikuwa njema, nakiri. Mashine yangu niliifunika nguo, kazi za watu nikarudisha, nikawa nakaa naye tu. Alikula, alioga, alinishika mkono. Ukitoka anakuuliza unakwenda wapi. Ukirudi anakusogezea nafasi kwenye benchi.

Mwanangu akarudi na lori lake. Akamkuta baba yake anatafuna, shavu limejaa.

"Mama, umemfanya nini?"

"Nimepaka rangi," nikasema, nikamwonyesha.

Mtu mzima yule na ndevu zake alijifuta macho kwa kiganja. Habari ya ghorofani haikuzungumzwa tena.

Ila kulikuwa na vitu vidogo vidogo.

Siku moja aliniuliza, "Mkono ulipona?"

"Mkono gani?"

"Ule ulioungua na chokaa mbichi, ulipokuja kunisaidia kazi."

Sikuwahi kuungua na chokaa. Sikuwahi kumsaidia kazi ya rangi hata mara moja, harufu yake inanipa kizunguzungu. Nikasema, "Ulipona." Nikajiambia ni ugonjwa unaochanganya mambo.

Siku nyingine akauliza, "Mama yako amekubali sasa? Au bado anasema fundi rangi hana maisha?"

Mama yangu alifariki kabla sijamfahamu mwanamume huyu.

"Amekubali," nikasema. Nikatazama pembeni.

Kisha akaja wifi yangu, mdogo wake wa mwisho, yeye pekee aliyebaki katika ndugu zake. Alikuja kumjulia hali. Mzee akamwambia, uso wote umejaa furaha, "Umemwona Chokaa? Alikuwa amekwenda tu. Amerudi."

Wifi akanigeukia. Nilikuwa natabasamu, nilishazoea kutabasamu.

Hakukaa. Aliendelea kusimama na mkoba wake mkononi, akitazama mdomo wangu. Kisha akasema anakwenda jikoni kunywa maji. Nikamfuata.

"Wifi, umefanya nini?" akauliza.

"Nimeng'arisha meno. Alikuwa hali chakula."

"Nani alikuambia kuhusu Chokaa?"

"Hakuna. Jina amelitoa yeye, kwa sababu ya meno haya."

Wifi akaegemea ukuta. "Jina hilo kweli alilitoa yeye. Lakini si leo." Akashusha sauti. "Chokaa ni mke wake wa kwanza. Yule aliyekufa kwa homa hawajamaliza mwaka. Sisi sote tulimwita hivyo. Alikuwa na meno, wifi, akicheka gizani unaona njia. Alipokufa, kaka alituambia jina hilo lisitajwe mbele ya mtu, na hatukulitaja. Wewe ulikuja baadaye. Tungekuambia la nini?"

Nikakaa kwenye kigoda.

Kumbe hakuwa ananitafuta mimi wa zamani. Hapakuwa na mimi wa zamani mwenye meno meupe. Meno yangu yalikuwa ya rangi ya chai siku aliyoniposa, na mimi nilijua, ila mtu akitaka kuamini anajidanganya hata kwa meno yake mwenyewe.

Nilikuwa nimevumilia maumivu, nikaacha chai, nikafungua mdomo chini ya taa kubwa, ili nimrudishie mume wangu mke mwingine.

Mjukuu wangu aliposikia alikuja juu. "Bibi, kamwambie ukweli sasa hivi. Umeishi naye maisha yote, huwezi kukubali kuwa spea."

Wifi akamjibu yeye, hakunijibu mimi. "Ukimwambia Chokaa amekufa, atamzika leo. Kesho atasahau, atauliza tena, mtamwambia tena, atamzika tena. Mnataka azike mara ngapi?"

Kutoka ndani ikaja sauti ya mzee. "Chokaa. Uko wapi, Chokaa?"

Wote wawili wakanitazama.

Wivu niliuhisi, jamani. Mtu akikuambia uzee unaua wivu, muulize alizeeka lini. Nilimwonea wivu msichana aliyezikwa hata kabla mwanangu wa kwanza hajazaliwa. Nilitaka niingie nimwambie, huyo alikupikia chini ya mwaka, mimi nimekupikia mpaka masufuria yametoboka.

Kisha nikakumbuka shingo yake ilivyokuwa.

"Nakuja," nikaitikia. Nikaingia na meno ya Chokaa.

Tukaenda hivyo. Mimi nilikuwa naigiza vizuri kadiri ya uwezo wangu. Nilijifunza kucheka mara kwa mara, maana wifi alisema yule alikuwa mcheshi. Mimi si mcheshi. Jioni mashavu yalikuwa yananiuma.

Mpaka siku ile. Tumemaliza kula mchana, mvua inanyesha, tumekaa kwenye benchi. Akawa anazungusha kofia mikononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Chokaa, nina jambo. Usikasirike."

"Sema."

"Ulipoondoka, kuna mwanamke alikaa hapa."

Nikamgeukia.

"Mwanamke gani?"

"Fundi cherehani. Hasemi sana. Akiwa na uzi mdomoni hata umtukane hajibu." Akatabasamu peke yake. "Mimi nilikuwa narudi kazini nimepaka dari, rangi imenimwagikia machoni, kope zimeshikana. Tina ya kuondolea rangi inaunguza. Yeye anachukua mafuta ya kupikia kidogo na kitambaa, ananilaza, ananifuta kope moja moja. Polepole. Nalala kabla hajamaliza."

Nilitazama sakafu. Sikuthubutu kutazama kwingine.

"Juzi nilimfukuza," akasema. "Sijui kwa nini. Nilishika ufagio. Tangu siku hiyo sisikii mashine yake. Naamka nasikiliza, kimya."

"Unamtaka arudi?"

"Nyumba ni yako, Chokaa, siwezi kukuamrisha. Lakini ukimwona njiani mwambie aingie, mvua inanyesha. Usimfukuze. Shida nimekula naye yeye, mimi na wewe hatukufika kwenye shida." Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Nisamehe kusema hivyo."

Mnaona nilichokuwa nimefanya?

Yeye alikuwa amekaa ananikumbuka, ananisubiri, na mimi niko ubavuni pake, sionekani. Nilikuwa nimepakwa rangi juu.

"Nitamwita," nikasema.

Nikaondoka. Nikaenda chumba cha pili, nikaifunua mashine, nikaweka kitambaa chakavu chochote, nikakanyaga. Sikuwa nashona kitu. Nilikuwa nakanyaga tu, sindano inapanda inashuka, machozi yanaangukia kitambaa.

Ukutani upande wa pili nikasikia benchi linasogezwa. Amesogea karibu na sauti.

Nikamimina mafuta kidogo kwenye kisosi. Nikachukua kitambaa safi. Nikabana uzi kati ya midomo, nikafunga mdomo barabara, meno yasionekane. Nikaingia.

Akaniangalia. Akauona uzi.

"Umekuja," akasema.

"Mmh."

"Chokaa amekuruhusu?"

"Mmh."

"Nilimwambia wewe huna maneno."

Akajilaza mwenyewe kwenye benchi, akafumba macho. Kope zilikuwa safi. Miaka mingi zilikuwa hazijaguswa na rangi. Nikachovya kitambaa, nikamfuta moja moja, polepole, mpaka pumzi yake ikawa nzito.

Baada ya hapo nilikuwa wanawake wawili katika nyumba moja. Wakati wa kula nilikuwa Chokaa, nacheka. Baada ya kula nilitoka, nikakanyaga mashine kidogo, nikarudi na uzi mdomoni. Hakuwahi kutuona pamoja na hakuwahi kuuliza kwa nini. Mara moja moja alininong'oneza, "Nyinyi wawili mnaelewana?" Nikaitikia kwa kichwa.

Chai nilikuwa nainywea kwa siri, kwa mrija, kama mtoto wa shule anayeficha pipi. Nilihitaji meno yale yakae.

Aliondoka asubuhi moja, nikiwa namfuta. Hakuita Chokaa. Wala mimi hakuniita. Aliuliza tu, macho yamefumbwa, "Rangi imetoka?"

"Imetoka," nikasema. Uzi ukadondoka.

"Sawa."

Akashusha pumzi, na nyingine sikuisikia. Niliendelea kufuta kwa muda. Sikutaka kuacha kope moja kabla sijaimaliza.

Sasa, tangu mjukuu wangu aweke picha yangu humu mtandaoni, wasichana wengi wananiuliza, "Bibi, umependeza, unatushauri tung'arishe au tuache?"

Nitawajibu kama nilivyoona. Mkaa, limao na makopo ya kwenye simu acheni, ufizi haununuliwi. Nendeni kwa daktari, mwambieni ukweli wote, na akiwaambia hapana mkubali. Akiwaambia ndiyo, na mnajifanyia wenyewe, ng'arisheni, mcheke, kucheka ni haki ya mtu.

Lakini kama unafanya ili mtu fulani akuone, binti yangu, kaa naye kwanza. Muulize anakumbuka nini kwako. Usikisie, kama nilivyokisia mimi. Mimi nilimpa rangi aliyoiomba, na kumbe kitu alichokuwa anakilia moyoni ni mkono wenye mafuta ya kupikia, na mkono huo nilikuwa nao siku zote, sikuutoa kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kufungua mdomo.